Vepu "isiyovuja"? Tazama maji ya kuku kwanza

Siku hizi boksi la vepu likiandikwa "haivuji kabisa", watu wanaamini. Mimi siamini, na kabla hujanirukia, hebu nikueleze kwa nini. (Kuvuta au kutovuta ni shauri lako, wala sikuhimizi. Hapa tunazungumzia mashine.)

Umewahi kuangalia chombo cha kunyweshea kuku, kile cha chupa iliyopinduliwa juu ya sahani? Maji hayamwagiki yote kwa sababu hewa iliyo ndani ya chupa inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko hewa ya nje. Toboa kitundu juu ya chupa uone: sahani inafurika mara moja.

Tangi la vepu ni vivyo hivyo. Utambi wa pamba unanyonya majimaji, koili inayageuza kuwa mvuke, na kila yakipungua lazima hewa kidogo iingie mahali pake. Ndiyo maana tangi haliwezi kuzibwa kabisa: ukiliziba, utambi utakauka na kuungua. Kinachozuia kuvuja ni mizani ya hewa, si kukaza kwa nguvu.

Sasa ibebe mizani hiyo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Huku juu, kama mita 1,700, msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Hewa uliyoifungia Pwani inatanuka na kuyasukuma majimaji kupitia utambi hadi mfukoni mwako. Kwenye ndege ni mambo yale yale. Gari lililoachwa juani pia: hewa inatanuka, majimaji yanakuwa mepesi.

Dawa si ngumu:

- Safiri na tangi tupu.
- Kama tangi linajazwa kwa juu, ziba njia ya hewa kwanza, jaza, funika, ndipo uifungue tena.
- Kipete cha mpira kikichakaa, badilisha.
- Koili yenye matundu makubwa ipe majimaji mazito, yenye gliserini nyingi. Mepesi yatapita tu.

Lakini mbona kazi yote imeachiwa mnunuzi? Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba hitilafu inayojirudia kila ukifanya jambo lile lile si uzembe wa mtumiaji, ni kasoro ya mtengenezaji. Na kutoka Pwani kuja Nairobi si safari ya mwezini! Umoja wa Ulaya uliliona hili mwaka 2014, ukaandika kwenye sheria: vifaa vya nikotini vilindwe visivuje, vijazwe bila kumwaga, watoto wasiweze kuvifungua, tangi lisizidi mililita 2 na nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita.

Piga hesabu. Tangi kama hilo likijaa lina miligramu 40 za nikotini, sumu inayopenya hata kwenye ngozi. Mtu mzima atanawa kwa sabuni. Mtoto anayetambaa atalamba, tena kitu chenyewe kinanukia embe.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "haivuji", muulize maswali mawili: imejaribiwa kwenye mwinuko gani, na je, mtoto anaweza kuifungua? Akibabaika, rudisha pesa zako mfukoni uende zako.