Kidonda cha chanjo ya kwanza

Wamama wa Baraka na Fizi, tafuneni ugali polepole: unakuwa mtamu, kwa kuwa kimeng'enya cha mate kinavunja wanga. Chembe nyeupe za damu nazo zina vimeng'enya vya kusaga vijidudu zinavyomeza.

BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto akizaliwa, inaziamsha chembe hizo, na vimeng'enya vyake vinapata nguvu. Kazi hiyo ya kinga ndiyo huleta kipele mkononi baada ya wiki chache, kisha kidonda kidogo, kisha kovu.

Jirani akisema sindano imeharibu mtoto, msiogope. Kidonda msikitie majani, msikikamue. Mtoto arudi kituo cha afya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na miezi 9 kwa surua. Kwapa likivimba, mwonyesheni muuguzi.