Mwigizaji na Amiliki Jasho Lake

Mwigizaji mashuhuri anapofungua kampuni, hawakosekani watu wa kusema kwamba ameiacha sanaa na kukimbilia fedha. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kabla ya kumlaumu, yafaa kwanza kuuliza: kazi aliyoifanya miaka yote ilikuwa mali ya nani?

Mfano wa marehemu Steven Kanumba unatosha kulieleza jambo hili. Kijana huyo, mzaliwa wa Shinyanga, alianza kufahamika mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika michezo ya kundi la Kaole iliyoonyeshwa na televisheni ya ITV. Kutoka huko aliingia katika filamu, akashirikiana na waigizaji wa Nigeria, na hatimaye akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza filamu. Wenzake wa Kaole, Vincent Kigosi na Blandina Chagula, walifuata njia hiyo hiyo kwa kuunda kampuni yao ya RJ. Hao hawakuikimbia sanaa. Walikuwa wakitafuta namna ya kuwa na sauti juu ya kazi yao.

Wakazi wa Kigoma na Ujiji wana kila sababu ya kulielewa jambo hilo. Katika Ziwa Tanganyika, mvuvi wa dagaa hukesha majini usiku wa giza akivuta wavu chini ya mwanga wa taa. Lakini kama mtumbwi, wavu na taa ni vya mtu mwingine, asubuhi fungu kubwa si lake. Mwigizaji asiye na haki juu ya filamu yake ni kama mvuvi huyo. Kwa miaka mingi, watayarishaji wengi nchini waliuza filamu pamoja na haki zake zote kwa wasambazaji, kwa bei ya mara moja. Mwigizaji naye alikwisha kupewa ujira wake. Filamu ilipopendwa na kuuzwa tena na tena, faida haikurudi kwao.

Na filamu hizo zilipendwa mbali. Kanumba alikuwa na wapenzi wengi Burundi, Rwanda na Kongo. Kilichozifungulia mlango huko ni Kiswahili, lugha ambayo katika karne ya 19 ilivuka kutoka Ujiji pamoja na misafara ya pembe na watumwa, ikaota mizizi ng'ambo ya ziwa. Hapana budi kukumbuka kwamba utajiri wa misafara ile ulipita Ujiji ukaenda zake, na faida kubwa haikuwa ya waliobeba mizigo. Itakuwa aibu ikiwa biashara ya sanaa nayo itafuata desturi hiyo.

Kanumba alifariki dunia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Filamu zake zinaendelea kutazamwa. Kwa msanii yeyote, mauti hayaifuti thamani ya kazi; ila watakaonufaika nayo wataamuliwa na karatasi alizotia saini akiwa hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua haki ya msanii, na haki hiyo yaweza kurithiwa. Lakini sheria haimsaidii sana mtu aliyekwisha kuiuza haki yake bila kuelewa alichokiuza.

Hapo ndipo wajibu wa walimu na watumishi wa Serikali unapoanza. Mwalimu anayefundisha maigizo shuleni Mwanga au Ujiji amfundishe kijana kusoma mkataba na kuandika hesabu kama anavyomfundisha kutamka maneno jukwaani. Maofisa Utamaduni wawaeleze wasanii faida ya kusajili kazi zao katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Nayo mikopo ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani na kutengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, isiishie kwenye bodaboda na ufugaji wa kuku tu. Kikundi cha vijana wenye kamera yao wenyewe ni kiwanda kama kilivyo kiwanda kingine.

Hata hivyo, umiliki una wajibu wake. Mwigizaji aliyepata kampuni akawalipa chipukizi kwa ahadi na sifa, bila mkataba, atakuwa amebadilisha jina la bwana tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipinga mtu kuishi kwa jasho la mwenzake, wala halikusema kwamba unyonyaji ni halali ukitendwa na msanii.

Kwa hiyo mwigizaji anayeingia katika biashara apongezwe, kisha aulizwe maswali mawili: je, kazi yake sasa ni mali yake? Na wale wanaovuta wavu pamoja naye, wanapata fungu lao?