MALI IZUIWE KABLA YA HUKUMU



Wengi wetu twadhani ya kwamba mtu akishinda kesi kotini amekwisha kulipwa. Sivyo. Hukumu ni ruhusa ya kwenda kuitafuta mali ya mdaiwa, na mali ikiwa haiko, hukumu hailishi watoto. Matajiri wengine wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kesi ya mishahara au ya malipo ya kuachishwa kazi huweza kukaa miaka kotini, na katika muda huo mashini zinauzwa, malori yanaandikishwa kwa jina la shemeji, fedha za benki zinahamia kwa kampuni yenye jina jipya na wenyewe wale wale. Siku ya kukamata mali dalali wa korti hufika kiwandani akakuta geti na mlinzi mmoja, naye mlinzi pia anadai mshahara.

Sheria inayo dawa yake. Agizo la 39 la Kanuni za Kesi za Madai za mwaka 2010 laruhusu korti, kabla ya hukumu, imtake mdaiwa aweke dhamana, au aje aeleze kwa nini asiiweke, ikionyeshwa kwamba yu karibu kuuza mali yake au kuitoa nje ya eneo la korti kwa nia ya kuikwepa hukumu. Akishindwa, mali yaweza kukamatwa. Nayo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilipewa na sheria yake ya mwaka 2011 uwezo wa kutoa amri za kuhifadhi mambo yalivyo wakati kesi inaendelea.

Waingereza wenyewe walichelewa. Tangu kesi moja ya mwaka 1890 majaji wao walishika kwamba mdai hawezi kufunga mali ya mtu ambaye bado hajashindwa. Walipogeuka mwaka 1975 haikuwa kwa ajili ya wafanya kazi, bali kwa ajili ya wenye meli. Kampuni ya Mareva ilikodisha meli yake, Laconia. Wakodishaji wakaacha kulipa, na fedha zao zilikuwa katika benki ya London, tayari kuhamishwa wakati wowote. Lord Denning na wenzake wakazizuia, na amri ya namna hiyo ikaitwa Mareva hata huku kwetu. Basi kama dawa hii ilimfaa mwenye meli, twaona yamfaa na kuli aliyeipakia.

Lakini korti haitoi amri kwa kuwa sisi tumekasirika. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema uwezo huu usitumiwe kijuujuu, ila kwa ushahidi ulio wazi. Hatuilaumu moja kwa moja. Tajiri mwaminifu akifungiwa benki kwa uvumi tu, mishahara ya mwisho wa mwezi itatoka wapi? Taabu ni kwamba ushahidi uko nyuma ya geti, na wakili wetu yuko nje.

Ni nani basi walio ndani? Mashini ikipakiwa usiku, mabega ni yetu. Dereva ajua alikoipeleka. Karani ajua hati ya kutolea mali iliandikwa kwa jina la nani. Watu hawa ndio mashahidi, na kiapo chao chataka vitu vya hakika: tarehe, namba ya lori, mashini gani, imekwenda wapi. “Nimesikia wanauza” haitoshi. Hatumwambii mtu aibe karatasi za ofisi. Aseme alichokiona kwa macho yake. Wala asiongeze chumvi, maana tukimficha jaji neno lililo muhimu amri yaweza kuvunjwa, na huenda chama kikatakiwa kulipa hasara.

Tena ijulikane kwamba amri hii haitutangulizi mbele ya wadai wengine. Benki yenye rehani juu ya mashini hubaki na rehani yake. Twazuia mali isipotee, basi.

Wanachama wenye kesi, na hasa ninyi mlio bado kazini mahali penye kesi, msingoje tarehe ya kusikizwa. Lori likivuka Malaba au Namanga, amri ya korti ya Nairobi hailifuati kwa wepesi. Aliyeona kitu kinatolewa amwone katibu wa tawi lake siku ile ile, ili wakili aandike kiapo kesho yake.