Manusura wa saratani ya matiti watibiwe pia maumivu ya unyumba

KILA Oktoba taifa huvalia rangi ya waridi, viongozi wakaongoza matembezi na wanawake wakahimizwa kujichunguza matiti. Ni kampeni ya maana, kwa kuwa hakuna saratani inayowapata wanawake wengi nchini kuliko hii. Makadirio ya asasi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani yalionyesha kuwa mwaka 2020 Kenya ilikuwa na visa vipya takriban 6,800 na vifo zaidi ya 3,000.

Hata hivyo, matembezi hayo hayagusi swali linalowakereketa wengi walionusurika: baada ya upasuaji, tibakemikali na miale, mwanamke hurejeaje katika maisha yake ya ndoa?

Swali hilo si la anasa. Tibakemikali yaweza kuzima ovari na kumfanya mwanamke wa miaka 38 akome hedhi kabla ya wakati wake. Wale ambao uvimbe wao huchochewa na homoni ya estrojeni huandikiwa tamoksifeni, au dawa kama vile anastrozoli na letrozoli, kwa muda wa miaka mitano, wengine hata kumi. Dawa hizi huzuia saratani isirudi kwa kuikabili homoni hiyo. Lakini estrojeni iyo hiyo ndiyo inayoupa uke ute na ulaini. Inapopungua, hasa kwa wanaotumia anastrozoli na wenzake, ngozi ya sehemu hiyo hukonda na kukauka, na tendo la ndoa likageuka mateso.

Ongeza hapo kovu la kifuani, uchovu na hofu ya kuonekana amepungua. Mume naye, asipoelezwa, hudhani amekataliwa, au hujitenga akichelea kumuumiza mkewe. Nyumba iliyostahimili saratani huanza kupasuka kwa kimya.

Lipo jambo zito zaidi. Baadhi ya wanawake huacha kumeza dawa hizo kabla ya muda, wakilemewa na madhara yake. Anayefanya hivyo bila kumwambia daktari hujiweka katika hatari ya ugonjwa kurejea. Kwa hivyo, anayedhani kwamba mambo ya chumbani hayahusu kliniki ya saratani amekosea. Yanahusu uhai wenyewe.

La kutia moyo ni kwamba maumivu haya yana tiba, na si lazima iwe ya gharama kubwa. Mwaka 2015, Dkt Martha Goetsch na wenzake wa jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu manusura 46 waliokuwa na maumivu makali. Walikuwa wamegundua kwamba uchungu mwingi hutoka mlangoni pa uke, wala si ndani. Wanawake hao walifunzwa kupaka hapo dawa ya ganzi ya majimaji, lidokeini, kwa pamba kwa dakika tatu kabla ya tendo, pamoja na kutumia kilainishi. Kati ya 41 waliofuatiliwa hadi mwisho, 37 walisema hawakuumia tena. Wanawake 17 kati ya 20 waliokuwa wameacha unyumba kabisa waliurejelea.

Madaktari hushauri tiba ianze na yasiyo na homoni: vilainishi, krimu za kuupa uke unyevu zinazotumiwa mara kwa mara, na mazoezi ya misuli ya nyonga. Wanaotumia kondomu za mpira waepuke mafuta ya kupaka, kwani huziharibu. Krimu ya estrojeni isinunuliwe kiholela dukani. Mwaka 2016, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisema itumiwe tu pale njia nyingine zimeshindwa, na baada ya kushauriana na daktari wa saratani.

Nchini, hatua zimepigwa katika kuokoa maisha. Mwaka 2025, serikali iliafikiana na kampuni ya Roche kupunguza bei ya dawa ya Herceptin hadi Sh40,000 kwa kila kikao, gharama ambayo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilikubali kulipa. Kadiri wanavyozidi kupona, ndivyo maisha ya baada ya tiba yanavyostahili kupangiwa.

Wapo watakaosema mila zetu haziruhusu mazungumzo haya. La hasha! Katika Mwambao wetu, mwari alikabidhiwa somo aliyemfunza ya unyumba bila kuficha, kwa staha na faraghani. Walichokataza wazee ni utovu wa adabu, si elimu. Nao ndio waliotuachia methali kwamba mficha uchi hazai.

Inafaa basi hospitali za rufaa na vituo vya saratani vya kaunti viwe na muuguzi aliyefunzwa kuuliza swali hili kwa kila mgonjwa, na kumkaribisha mume pale mke anaporidhia. Mwongozo wa madaktari wa saratani wa Marekani wa mwaka 2018 unataka mhudumu ndiye aanzishe mazungumzo. Hilo ni sawa. Mgonjwa aliyepoteza titi, nywele na akiba yake hapaswi kubebeshwa pia mzigo wa kutafuta ujasiri wa kuuliza.