Utabiri wa Fomu Foo wa Kutulo

Wasee wa fomu foo hapa Kutulo, acha niwatabirie kabla KCSE haijawatabiria.

Monita wetu wa kuandika wapiga kelele atakuwa chifu, na bado ataandika majina. Yule wa kuomba kalamu kila siku atafungua duka la simu Islii, na hatakopesha mtu. Mkali wa hesabu atahesabu ngamia wa babake, akose mmoja, alaumu kikokotoo. Mpiga domo atagombea u-MCA: ahadi ya kwanza maji, ya pili maji. Mimi niliyeacha chuo nitabaki kuwachapa kwa posti.

Lakini walahi, mbona hakuna anayetabiriwa ualimu? 2014 walimu waliuawa wakisafiri kwa basi Mandera. Januari 2020 watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikahamisha walimu wasio wenyeji. Wadogo zetu wakabaki wakitazama ubao mtupu. Tutangoja wageni mpaka lini?

Kwa hivyo wewe wa dawati la nyuma, uliyetufunza kemia kwa tochi stima ikipotea: wewe ni mwalimu. Cheka tu, lakini jaza hiyo fomu ya chuo cha ualimu.