Nani Kachafua Ukuta?

Mtaani kwetu Magomeni wiki hiyo kulikuwa hakulaliki. Soo lilikuwa moja tu: nani kachafua ukuta?

Kuna ghorofa jipya limeota mtaani kwetu. Ghorofa nne, vioo vya buluu, geti la chuma, mlinzi na kirungu chake. Ukuta wake mweupe mpaka unaumiza macho. Basi Ijumaa moja asubuhi tunaamka, ukuta umepigwa chata. Herufi nyeusi za sprei ile ya gereji, kubwa kama mlango: jina la kijiwe cha vijana wetu, na chini yake neno moja, TUPO.

Mwenye ghorofa alipofika nusura alie. Sicheki, rangi ni pesa. Jioni ikaja difenda. Si unajua mambo ya difenda? Mwenye kosa anatoka nduki, asiye na kosa anasimama kushangaa, ndiye anayebebwa. Wakazolewa vijana sita. Mmoja alikuwa saluni anasubiri zamu yake ya kunyolewa, hata hicho kijiwe hakai. Walirudi Jumapili macho mekundu, mama zao wakiwa wameshapiga magoti vya kutosha.

Mtaani ikawa maneno. Wazee wakasema, "Hawa ndio wale wale Panya Road." Tuseme ukweli, hofu hiyo haikuzuka hewani. Januari 2015 jiji hili lilifunga maduka mapema kwa kusikia tu kwamba wanakuja. Mwaka 2022 jina likavuma tena, safari hiyo kwa mapanga na damu. Lakini jamani, mwenye panga na mwenye kopo la sprei ni watu wawili tofauti. Ukiwaweka kapu moja, yule wa pili utamfundisha kazi ya yule wa kwanza.

Nami niseme yangu kabla hamjaniumbua. Nimepiga chata sana mimi. Miaka ya 90 sprei tutazitoa wapi? Tulitumia mkaa, au rangi iliyobaki kwenye kopo la fundi. Kila kijiwe kilikuwa na jina lake ukutani, tena la Kizungu, na herufi moja lazima ikosewe. Mshua alinichapa, nikasugua ukuta kwa brashi ya kufulia. Kesho yake jina likarudi. Sikuwa na nyumba, sikuwa na kazi, demu hanijui. Lakini ukutani nilikuwepo.

Basi Jumatatu nikasema hebu nitembee, kutoka Mapipa mpaka Kagera, nisome kuta kama mtu anavyosoma gazeti. Nilichokiona, we acha tu! NYUMBA HII HAIUZWI, MATAPELI KAENI MBALI. USIKOJOE HAPA. Mganga anarudisha mpenzi kwa dakika kumi, na namba ya simu. TUNANYONYA VYOO, na namba ya simu. Picha za wagombea wa uchaguzi uliokwisha kupita, wanatabasamu na gundi imewakauka. Nani kaandika yote hayo? Watu wazima, wenye ndevu zao. Difenda haikuja.

Na kuna chata moja kubwa kuliko zote, ya rangi nyekundu. Hiyo X. Desemba 2015 ilishuka bonde la Msimbazi, hapo chini yetu. Mwaka 2017 ikapanda barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, kupisha upanuzi. Sibishani na barabara, foleni ile tumeilia wote. Na bonde likijaa maji tunajua kinachotokea. Nasema tu kwamba mstari miwili ya rangi ikikutana ukutani kwako, wewe unaanza kutafuta pa kupeleka kabati. Kumbe rangi ukutani ina nguvu. Vijana wameliona hilo, wasijaribu?

Sasa nirudi kwenye ghorofa letu. Kabla yake palikuwa na nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani msalani na jikoni, na mbele baraza. Bibi mwenye nyumba alikaa baraza hilo na mchele wake kwenye ungo. Jioni akiingia ndani, vijana wanashika nafasi. Drafti, kahawa, ubishi wa Simba na Yanga mpaka saa nne, bibi anagonga dirisha: "Nyie, kalaleni!" Wanalala. Bibi akafariki, warithi wakauza, kila mtu akachukua chake akaenda zake.

Ghorofa halina baraza. Lina geti.

Jumanne usiku akanifuata dogo mmoja, miaka kumi na saba. "Shikamoo braza. Ile chata ni mimi." Nikamuuliza kwa nini, wenzako wamelala ndani kwa ajili yako! Akainamisha kichwa. "Braza, mimi nimezaliwa hapo." Ni mjukuu wa yule bibi. Mama yake aliambulia kidogo, sasa wamepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma. Kila siku anapita mbele ya geti, na mlinzi anamuuliza anakwenda kwa nani.

Nikamchukua mpaka kwa mwenye ghorofa. Mzee yule si mtu mbaya, alitusikiliza na soda akatununulia. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimenunua kiwanja. Hayo mengine sikuuziwa." Sikuwa na jibu. Wakakubaliana dogo apake rangi, akapaka siku nzima, ukuta ukawa mweupe tena.

Mimi sipingi maghorofa, msininukuu vibaya. Pale Magomeni Kota, kaya 644 za wakazi wa zamani zilisubiri miaka, mwisho zikarudi kwenye maghorofa ya serikali yaliyozinduliwa Machi 2022. Wale walihesabiwa, majina yao yakawa kwenye orodha. TUPO yao iliandikwa ofisini. Dogo wetu jina lake haliko kwenye orodha yoyote, ndiyo maana kaliandika alipoweza.

Na nyie masela, msianze kunishangilia. Kumpigia mluzi dada wa watu anayetoka kazini si ujana, ni ushamba. Spika mpaka saa saba usiku na jirani ana mgonjwa, hiyo noma. Na ukuta wa mtu ni wa mtu, kuomba hakuui. Wachata, lile kundi la graffiti la hapa hapa Dar, wameheshimika kwa michoro ya ukutani, na anayewaona wakichora hasimami kuita difenda, anasimama kutazama. Ukiwa na mkono mzuri, nenda kajifunze kwa wenye fani.

Nanyi wenye maghorofa, benchi moja la saruji nje ya geti bei gani? Vijana wakikaa mbele yako unawajua kwa majina. Ukiwafukuza, hutajua wamekwenda kukaa wapi, wala na nani.

Nilimwambia hivyo yule mzee. Akacheka, akasema atafikiria. Jumamosi naamka, fundi yuko juu ya ngazi na brashi yake. Nikajua benchi linakuja, na jina la bibi pengine. Kumbe wapi! Ukuta ule ule mweupe, herufi nyekundu kubwa kama mlango: MARUFUKU KUKAA HAPA. FAINI 50,000.

Haya, nani kachafua ukuta? Tukutane wiki ijayo.