Rangi Nyekundu Iliyovuka Mpaka

Mwaka 1859, mjini Lyon, mkemia François-Emmanuel Verguin alipata rangi nyekundu iliyokoza kwa kupasha moto anilini pamoja na kloridi ya bati. Kampuni ya ndugu wa Renard iliikatia hataza kwa jina la fuksini, na watia rangi wa hariri wakaigombania. Haukupita muda, wakemia wengine wakabaini kuwa asidi ya aseniki huitoa rangi hiyo hiyo kwa gharama nafuu. Mahakama za Ufaransa ziliwafungia mlango. Kwa tafsiri yao ya sheria ya 1844, mwenye hataza alimiliki rangi yenyewe, hata ikitengenezwa kwa njia ambayo hakuibuni yeye.

Mulhouse, wakati huo mji wa Ufaransa, uko kama kilomita 30 tu kutoka Basel, Uswisi, na huko hapakuwa na sheria ya hataza. Wakemia kadhaa wakahama. Basel palikuwa na wafumaji wa utepe wa hariri waliohitaji rangi kila siku, na Mto Rhine wa kumwagia taka. Si kila kitu kilikuwa neema: mwaka 1864 aseniki ya kiwanda kimoja ilipenya visimani na majirani wakaugua. Hata hivyo viwanda vilikua, ilhali kampuni ya La Fuchsine, iliyorithi ukiritimba wa Ufaransa, ilianguka mwaka 1868.

Waswisi wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Watengeneza saa waliitaka sheria ya hataza, wenye viwanda vya rangi waliipinga. Ilipopatikana mwaka 1888, ililinda tu uvumbuzi unaoweza kuonyeshwa kwa kielelezo cha kushikika. Saa ina kielelezo. Mchanganyiko wa kemikali hauna. Ujerumani, ambayo ilikuwa na sheria yake tangu 1877, ililalamika na kutishia kupandisha ushuru, hadi Uswisi ikairekebisha sheria mwaka 1907. Kufikia hapo kampuni za Basel zilikuwa na maabara na uvumbuzi wao wa kulinda.

Kuna wanaouita uhamaji huo wa wakemia wizi, na hoja yao si ya kupuuzwa: rangi ilianzia jasho la mtu wa Lyon. Lakini wakemia waliohama walikuwa na njia yao wenyewe, tena bora. Iliyokosea ni sheria iliyomzawadia wa kwanza kwa kuwanyima kazi waliomzidi.

Baadaye hali iligeuka: Novartis, kampuni ya dawa iliyorithi viwanda hivyo vya Basel, iliishitaki India hadi Mahakama ya Juu ikidai hataza ya dawa ya saratani iitwayo Glivec, ikashindwa mwaka 2013. Afrika Mashariki nayo ina mpaka wake. Tanzania, Uganda na Rwanda, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolinda hataza za dawa hadi mwanzoni mwa 2033. Kenya haina ruhusa hiyo. Nafasi hiyo ya nchi hizo tatu ni haki kamili, na serikali zisikubali kuiachia mapema kwa sababu ya mkataba wowote wa biashara. Ila Basel haikupewa muda mtupu. Ilikuwa na wakemia, wanunuzi na mitaji, na hayo ndiyo mambo ambayo bajeti za Dodoma, Kampala na Kigali zinapaswa kuyatafuta sasa, wakati mlango bado uko wazi.